Tunawafundisha walimu wa sayansi mbinu shirikishi kwa kuwasomea notsi

Mwaka jana nilikaa dawati la nyuma kabisa, kidato cha pili, shule moja ya kata, nimeenda kumuangalia kijana wa chuo aliyekuwa field, yaani mazoezi ya kufundisha. Somo fizikia, topiki ni sheria za Newton. Wanafunzi 74. Kijana kajiandaa kweli, ubao kaugawanya vizuri, maandalio ya somo yamejazwa kila kisanduku, sauti ipo, shati limenyooka. Akauliza fosi ni nini, darasa zima likajibu kwa Kiingereza kwa mpigo mmoja kama wanaimba kwaya. Akauliza sheria ya kwanza ya Newton inasemaje, wakaimba tena. Mmeelewa? Ndiyooo. Kipindi kikaisha dakika kama 5 kabla ya kengele, na kwa ile fomu ya tathmini niliyoshika mkononi nilikuwa sina namna zaidi ya kumpa maksi nzuri.

Nikamuomba hizo dakika zilizobaki. Nikachukua kipande cha chaki nikakirusha juu nikakidaka, halafu nikawauliza kwa Kiswahili: hii chaki ikiwa inapanda, mkono umeshaiachia, ni nguvu gani zinafanya kazi juu yake? Karibu wote wakaenda kwenye jibu moja. Kwamba kuna nguvu ya mkono inaisukuma juu na mvutano wa dunia unaivuta chini, ile ya mkono inaisha taratibu, zikifika sawa chaki inasimama, halafu dunia inashinda na chaki inarudi. Ukilisikiliza ni jibu lenye mantiki kabisa, ila siyo. Chaki ikishatoka mkononi, ukiacha upinzani mdogo wa hewa, kinachoivuta ni dunia peke yake, wakati inapanda, ikiwa pale juu kabisa, na wakati inashuka. Na hawa ni watoto ambao dakika 10 nyuma wameitamka sheria ya Newton neno kwa neno.

Kilichoniuma ni baadaye. Tumekaa chini ya mwembe na yule kijana, nikamuuliza swali lilelile, akanijibu vilevile kama wanafunzi wake. Huyu kafaulu fizikia kidato cha nne, kafaulu kidato cha sita, yuko mwaka wa pili chuo kikuu anasomea ualimu wa sayansi. Sisemi haya kumdhalilisha, na ndo maana sitaji shule wala chuo, nasema kwa sababu nimekaa na wengi wa aina yake na mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipoanza kufundisha na kubanwa na maswali. Kila tukikutana kwenye vikao tunajadili uhaba wa walimu wa sayansi, idadi, idadi, idadi, halafu swali la huyo mwalimu tukishampata tumemwandaa kufanya nini darasani linapewa dakika 5 za mwisho kabla ya chai.

Sasa hebu tuangalie anavyoandaliwa. Nakumbuka kozi yangu ya mbinu za kufundishia, ukumbi umejaa mamia ya watu, wengine wamekaa kwenye ngazi, mhadhiri anasoma slaidi: sifa za mbinu shirikishi, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na kitu, sisi tunaandika mbio mbio ili tusipitwe. Mtihani ukaja, eleza sifa tano za mbinu shirikishi, nikapata A. Ndani ya muhula mzima hakuna hata siku moja niliyoshirikishwa. Hakuna aliyenionyesha swali la kuuliza kwenye topiki ya umeme, hakuna aliyeniambia watoto wengi wanaamini umeme unaliwa na balbu ya kwanza ndo inayofuata ipate mabaki, hakuna aliyenisimamisha mbele ya wenzangu kumi nikafundisha dakika 15, nikasahihishwa, nikarudia. Nilijifunza KUHUSU ushirikishi kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kusoma kipeperushi akiwa kitandani.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie aliandika jambo ambalo mimi nadhani kila chuo cha ualimu kingelibandika mlangoni. Alisema mtu anayeingia ualimu anakuja tayari ameshafanya uanagenzi mrefu sana, maana miaka yote ya shule alikuwa amekaa dawatini anawaangalia walimu wakifanya kazi. Piga hesabu kwetu: msingi miaka 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, hiyo ni miaka 13 ya kumuangalia mtu anayeandika ubaoni na kuuliza mmeelewa. Halafu unampa kozi moja ya mhadhara na wiki chache za field, unategemea nini? Akisimama mbele ya wanafunzi 74 na jasho linamtoka, kinachomjia ni kile alichokiona miaka 13, siyo slaidi namba nne.

Na utafiti upo, siyo kwamba tunabahatisha. Miaka ya 1980 kule Harvard kulikuwa na mwalimu wa fizikia anaitwa Eric Mazur, wanafunzi wanampenda, wanampa alama za juu, na wanafaulu mitihani migumu ya hesabu za fizikia. Akaja kusoma kazi ya David Hestenes na wenzake wa Arizona, kwamba wanafunzi wa chuo wanakokotoa vizuri ila ukiwauliza swali jepesi la mantiki, kama hili langu la chaki, wanarudi kwenye imani za mtaani. Mazur akasema wangu siyo hao, akawapa lile jaribio. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, profesa, nijibu kufuatana na ulivyotufundisha au kufuatana na ninavyofikiri mimi? Mi nikilifikiria hilo swali huwa nanyamaza kidogo. Maana yake mtoto ana madaftari mawili kichwani, moja la mtihani na moja la dunia anayoishi, na mwalimu amekuwa akiandika kwenye hilo la kwanza tu.

Mazur akabadilika. Anatoa swali la kuchagua, kila mmoja anafikiri peke yake na kupiga kura, haruhusu kuongea. Kura zikigawanyika anasema mgeukie jirani yako mshawishi. Wanabishana dakika mbili tatu, wanapiga kura tena, ndipo anaeleza. Basi. Mwaka 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,500, akapima ni kiasi gani cha yale wasiyoyajua mwanzoni wameyajua mwishoni. Madarasa ya mhadhara wa kawaida yalipata wastani wa 0.23, yale ya kushirikisha akili za wanafunzi yakapata 0.48, mara mbili na zaidi. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wakachambua tafiti 225 za vyuo, sayansi, hisabati na uhandisi, wakakuta wanafunzi wa mihadhara mitupu wana uwezekano mara 1.5 zaidi wa kufeli. Kuna mtu ataniambia hayo ni ya Marekani, wana projekta na vile vidude vya kupigia kura. Sawa, ila swali la chaki linahitaji chaki. Kura unapiga kwa vidole mbele ya kifua, kidole kimoja ni A, viwili ni B, ili jirani asione. Nimefanya hivyo darasa la wanafunzi 90 lenye madawati 40, na kwa kweli wingi wao ndo ulinisaidia, maana kadri wanavyokuwa wengi ndivyo unavyopata mabishano ya kutosha.

Ila hapa naomba tusimame kidogo maana kuna kitu kimeharibiwa sana na kinanikera kila mara. Tangu mtaala wa ujuzi wa 2005 ulivyoingia sekondari, ushirikishi kwetu umegeuka kuwa makundi. Mkaguzi akija, siku hizi mthibiti ubora, mwalimu anasema kaeni makundi, wanakaa 12 kwenye kundi, mmoja mwenye mwandiko mzuri anaandika kwenye manila, wawili wanamsomea kitabu, 9 wanaangalia dirishani, halafu kiongozi wa kundi anakuja mbele anasoma yaleyale ya kitabuni na darasa linampigia makofi. Hapo hakuna aliyefikiri. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walionya kabisa kwamba kumuacha mtoto asiyejua kitu ajigundulie mwenyewe bila mwongozo hakumsaidii, kichwa cha anayeanza kinazidiwa. Watu wengine wanachukua hilo andiko kama ushindi wa mhadhara, mi naona wanalisoma nusu. Mazur hamuachi mwanafunzi porini, swali analichagua yeye kwa makusudi kwa sababu anajua kosa liko wapi, na mwisho anaeleza. Kinachotakiwa ni akili ya mtoto ifanye kazi chini ya mwongozo wa mtu anayejua njia, meza zikae vyovyote vile.

Na kujua kosa liko wapi ni elimu ya peke yake. Mtafiti wa elimu Lee Shulman aliisema mwaka 1986, kwamba kuna kujua somo, kuna kujua kufundisha kwa ujumla, halafu kuna ile ya katikati ambayo ni ya mwalimu wa somo lile tu: mfano gani unafaa kwa topiki hii, watoto wanakwama wapi, swali gani linawafichua. Vyuo vyetu vina idara ya fizikia inayofundisha fizikia ileile wanayosoma wahandisi, na vina kitivo cha elimu kinachofundisha falsafa na saikolojia ya elimu, na kijana anabebeshwa pande mbili anaambiwa aunganishe mwenyewe akiwa kazini. Hapo katikati hakuna mtu. Ningekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu ningeanzia hapo, kila topiki kubwa ya silabasi mwanachuo atoke na maswali yake kumi ya kufichua, ameyajaribu kwa watoto wa kweli, na anajua majibu yao ya makosa kama anavyojua jina lake.

Kuna vitu vidogo pia ambavyo havigharimu hata senti. Mary Budd Rowe miaka ya 1970 alirekodi vipindi vingi vya sayansi akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumchagua mtu, au kujibu mwenyewe, au kuuliza jingine. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi wakaona majibu ya wanafunzi yanarefuka, wanaojibu wanaongezeka, hata wale waliozoeleka kuwa wazito wanaanza kusema. Sekunde 3! Nilimwambia yule kijana wangu wa field ajirekodi kwa simu, aiweke mezani tu, jioni asikilize na saa. Akaja kesho yake amenyongea, anasema mzee, maswali 31, na mengi nimejibu mwenyewe. Hilo hakuna slaidi ingeweza kumwambia. Tukafanya mazoezi ya kunyamaza, kweli kabisa, nauliza swali yeye anahesabu kimoyomoyo mpaka tano huku anawaangalia watu usoni, na ni ngumu kuliko mtu anavyofikiri, ukimya darasani unamtia mwalimu mchanga hofu kwamba ataonekana hajui.

Hofu hiyo ya kuonekana hujui ina historia kwetu, na mfano wake umetoka hapahapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, walikuwa wanatengeneza ice cream shuleni, nafasi kwenye friji zinagombaniwa, yeye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto badala ya kusubiri yapoe, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu kwa nini, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, akamuuliza mwalimu wa huko, na alipoendelea kushikilia akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya dunia, na wenzake wakaidaka hiyo kauli kila akikosea. Akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza swali lake lilelile, wanafunzi wakacheka. Osborne naye hakuwa na jibu, akasema atakwenda kulijaribu, na akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wakachapisha andiko pamoja, na leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba, wanasayansi mpaka sasa wanabishana kama lipo kweli na linatokea kwa masharti gani. Kwangu uzito uko kwenye tofauti kati ya wale walimu na Osborne. Walimu walijibu, Osborne akasema ngoja tujaribu. Wote wamesoma fizikia. Ni nani kati yao tunayemtengeneza kwenye vyuo vyetu?

Halafu lugha, na hapa naongea kwa uchungu. Zote hizi mbinu zinazotokana na utafiti zinasimama kwenye kitu kimoja, mwanafunzi aseme anachofikiri. Sasa mtoto kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, unamwambia mshawishi jirani yako kwa nini umechagua C, atamshawishi kwa lugha gani? Ndo maana wanaimba. Ufafanuzi wa kitabuni unaimbika, ila ubishi hauimbiki. Tangu ripoti ya Criper na Dodd mwaka 1984 ilishaonekana kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakiwawezeshi kusoma masomo mengine, na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wameliandika hilo kwa miaka na miaka. Sijui darasa hata moja la sayansi shule za kata ambalo mwalimu haeleweshi kwa Kiswahili, wanafanya kwa kujificha, mthibiti akipita mlangoni wanarudi kwenye Kiingereza. Basi mwanachuo afundishwe wazi jinsi ya kuchanganya: mabishano kwa Kiswahili, hitimisho na msamiati kwa Kiingereza cha mtihani. Na afundishwe pia kwamba Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Neno nguvu mtaani linabeba kani (ile fosi), nishati, na uwezo vyote kwa pamoja, kwa hiyo mtoto akisema chaki bado ina nguvu ya mkono inawezekana anamaanisha mwendo iliobaki nao. Ukimuuliza unamaanisha nguvu ipi, unagundua yuko karibu na jibu kuliko ulivyodhani. Swali hilo la kufuatilia ni ujuzi, na ujuzi unafundishwa kwa mazoezi.

Tumejaribu njia za mkato, siyo kwamba serikali zimelala. Kuelekea 2015 tulijenga maabara nchi nzima kwenye shule za kata kwa agizo la Rais Kikwete, wananchi walichanga, na ni jambo jema, ila nimeingia kwenye maabara ambazo zimekuwa stoo ya madawati mabovu kwa sababu hakuna aliyemzoesha mwalimu kuendesha praktiko ya watoto 80 wenye biuretti 6. Tukaanzisha stashahada maalum ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA pale Dodoma, na Mei 2016 vijana zaidi ya 7,000 wakarudishwa nyumbani ndani ya muda mfupi, wengine walilala stendi na mabegi yao. Unaposukuma idadi bila kujenga ndani, wanaoumia ni vijana.

Kenya walianza 1998 na SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, wakisaidiwa na Wajapani kupitia shirika lao la misaada, JICA, wilaya 9 kwanza, halafu nchi nzima kuanzia 2003, na mpaka leo wana CEMASTEA, kituo cha kuwaendeleza walimu wa masomo hayo, pale Karen, Nairobi. Uganda wakaja na mradi kama huo, SESEMAT. Wazo la SMASSE mi nalipenda sana, mwalimu apange, afundishe, aangalie, arekebishe, na atumie vifaa vya kubuni, kopo, majani, betri za redio. Udhaifu ulikuwa kwenye mfereji. Wakufunzi wa kitaifa wanawafundisha wa wilaya, wa wilaya wanawafundisha walimu likizo, na ujumbe ukifika chini umeshapungua ladha kama chai iliyoongezwa maji kila kituo. Mwalimu anarudi shuleni peke yake na faili zuri, wiki ya tatu anabanwa na silabasi, anarudi kwenye chaki na notsi. Bruce Joyce na Beverly Showers walishaeleza tangu miaka ya 1980 kwamba semina peke yake haibadilishi kinachotokea darasani, kinachobadilisha ni mwenzako kuja kukuangalia, kukuambia, na wewe kurudia.

Ndo maana MEWAKA, haya mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayofanyika shuleni kwenye jumuiya za ujifunzaji, kwa muundo wake ni wazo sahihi kabisa kuliko semina za hotelini. Ninachokiogopa ni kigeuke kuwa kikao cha kusaini mahudhurio. Nilikaa na walimu watatu wa biolojia shule moja, Alhamisi jioni, hakuna posho, kuna kahawa na kashata. Wakachagua topiki moja tu, usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula, na swali moja tu: mti wa mwembe una tani nzima ya mbao, hiyo mbao imetoka wapi? Wakakisia watoto watajibu nini. Kesho yake mmoja akafundisha, wawili wamekaa nyuma wanaandika, siyo mwalimu anafanya nini, bali watoto wanasema nini. Darasa karibu zima: imetoka kwenye udongo, mti unakula udongo. Kijana mmoja akasema mbolea. Msichana akasema maji. Hawa wote wanajua mlinganyo wa usanisinuru, kabonidioksidi na maji na mwanga, wameuandika kwenye jaribio na kupata vema!

Mwalimu akawapa kisa cha Van Helmont, mwanasayansi wa zamani aliyepanda mche kwenye udongo uliopimwa kama kilo 90, akaumwagilia maji miaka 5, mti ukafika kilo 77 hivi na udongo umepungua kama gramu 60 tu. Darasa likapiga kelele. Kama siyo udongo, ni nini? Wakasema maji, na Van Helmont mwenyewe alisema hivyohivyo, naye alikosea. Ikabidi wabishane mpaka mmoja, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa, aseme ina maana mbao imetoka hewani? Mchana wale walimu watatu wakakaa wakaandika upya swali la pili, maana waliona liliruka hatua, na Jumatatu likafundishwa na mwalimu mwingine mkondo mwingine. Wajapani wanafanya hivi kwa zaidi ya miaka mia, wanauita jugyou kenkyuu, utafiti wa somo. Pale gharama ilikuwa kashata.

Nimwambie pia mwalimu mchanga ukweli mmoja ili usimvunje moyo. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha wanafunzi waliofundishwa kwa mhadhara mzuri na waliofanyishwa kazi darasani, wale wa pili wakajifunza zaidi ila wao wenyewe wakasema wanahisi wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na mtu akichoka anadhani hajaelewa. Kwa hiyo wanafunzi watalalamika, watasema ticha wetu hafundishi anatuuliza tu, mzazi atasikia, mkuu wa shule atakuita. Na mitihani ya mwisho bado ina maswali mengi ya taja na fafanua, mwalimu anayefukuzia pasti pepa anaonekana hodari zaidi. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 unazungumza ujuzi kila ukurasa, basi na watunga mitihani watuwekee maswali ya chaki, mawili matatu kila mwaka, uone vyuo na shule zitakavyobadilika bila waraka.

Na zile fomu za field tuzibadilishe. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa na vipengele vya mavazi, matumizi ya ubao, sauti, maandalio, muda. Hakuna mahali panapouliza mwanafunzi alisema nini.

Yule kijana wa Newton nilirudi kwake wiki mbili baadaye. Alianza kipindi kwa kurusha chaki. Kura ya kwanza ikagawanyika, akasema mgeukie jirani, kwa Kiswahili, na akanyamaza, nikamuona midomo inahesabu. Kelele zikawa nyingi mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Halafu dada mmoja wa safu ya tatu akasimama bila kuitwa, akawageukia wenzake siyo mwalimu, akasema, kama mkono umeshaiachia hiyo nguvu yake imebaki imeshikilia wapi? Mvulana wa nyuma akamjibu, kwa hiyo kwa nini isianguke palepale? Kijana wangu akafungua mdomo, akaufunga. Kengele ikagonga hawajamaliza, wakatoka nje wanarushiana vipande vya chaki na kubishana. Fomu haikuwa na nafasi ya hayo, nikayaandika pembeni, kwa kalamu, kuzunguka ukurasa mpaka nyuma.